Shangazi, aliponishika shingo nilimpanda

BARUA

Asalaam alaykum Shangazi. Natumai u mzima wewe na jamaa zako.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi kijiji cha pwani huku Kusini Unguja. Kijiji sikitaji kwa sababu hapa tunajuana mpaka kwa vikohozi. Nakuandikia kwa simu ya wifi yangu, nikishatuma nafuta.

Kazi yangu ni mwani. Nilianza kufunga mwani na marehemu mama nikiwa bado skuli. Maji ya bamvua yakitoka tunashuka na kamba, vigingi na magunia, tunashinda humo mpaka maji yarudi. Wageni wakituona wanadhani sisi ni samaki. Wengi wetu hatujui kuogelea kabisa. Sisi baharini tunasimama. Maji yakifika kifuani, mtu anakusanya vyake anapanda zake juu. Lakini miaka hii maji ya karibu yamekuwa ya moto, mwani ule mnene wenye bei unaozea kwenye kamba kabla hujauvuna, na wenzetu wengine wameanza kupanda kwenye maji marefu wanakokwenda kwa ngalawa. Huko hakusimamiki.

Kwa hiyo mwaka juzi yalipokuja mafunzo ya kuogelea kwa wanawake na wasichana, nilikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuandikisha jina. Aliyenihimiza ni mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Watu hawaniamini nikiwaambia. Yeye alifiwa na mdogo wake katika meli ya Spice Islander mwaka 2011, na tangu hapo habari ya maji hana mchezo nayo. Siku ya kwanza niliingia na dera, likajaa maji likawa linanivuta kama nanga. Kesho yake mavyaa akapanda gari akaenda mjini, akanunua kitambaa chepesi kisichokunywa maji, akanishonea suruali, kanzu ya magotini na kilemba cha kubana. Akaniambia, “Haya, maji umeshayavulia nguo. Yaoge.”

Nilianza kwa kuelea chali nimekumbatia dumu tupu la mafuta ya kupikia. Baadaye dumu likaondolewa. Shangazi, siku niliyoelea peke yangu, masikio ndani ya maji, nasikia pumzi yangu tu, nilitamani mama angekuwa hai anione.

Mwaka huu mkufunzi wetu, mwanamke kutoka mjini, amechagua watu wanane wasomee ualimu wa kuogelea. Alisema hakuna mwalimu wa kuogelea asiyekuwa mwokoaji, kwa hiyo tunasomea yote mawili. Wanaume sita, wanawake wawili: mimi na mwenzangu ambaye nitamwita Shoga. Tumeogelea mita 200 bila kupumzika, tumekaa juu ya maji dakika kumi bila kushika kitu, tumepiga mbizi kuchukua jiwe chini, tumembana kifua yule sanamu wa mpira mpaka viganja vikaota malengelenge. Yote nimeyaweza. Mkufunzi ananitolea mfano mbele ya wanaume.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa na zoezi la kujinasua. Shoga aliigiza mtu anayezama, mimi nimwendee. Maji yalikuwa mara mbili ya kimo changu. Tumefundishwa umwendee na boya mbele yako, umpe boya ashike. Mimi nilikwenda kwa kasi, nataka sifa, boya nikaliacha linaburutika nyuma kwenye kamba yake. Shoga akanidaka. Ni mwanamke wa mwili. Mikono yake miwili ilifunga shingoni, kichwa changu kikaingia ndani, nikavuta maji ya chumvi puani mpaka nikasikia moto nyuma ya macho. Kuanzia hapo sikumbuki kufikiri. Nakumbuka goti langu limegonga kitu laini. Nakumbuka nimekanyaga bega. Nilipopata hewa mimi nilikuwa juu na Shoga alikuwa chini yangu, nimemshika kichwa kwa mikono yote miwili namkandamiza ili nibaki juu.

Alipoibuka, mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka. Alitema mate yenye damu, akaniangalia, akacheka. “Mwana wewe, umenipanda kama mnazi!” Mkufunzi alikuwa anaangalia jozi nyingine, hakuona. Tuliporudi ufukweni Shoga alisema amejigonga kwenye mtumbwi. Sijui kwa nini alinifichia. Tangu siku hiyo, zoezi lile likija najitia tumbo linaniuma.

Si hilo tu. Nilipokuwa na miaka tisa tulikwenda kuokota kombe, watoto watatu, maji yakarudi tukiwa ng’ambo ya mkondo. Tukavuka tumeshikana mikono. Mmoja akateleza, akanikamata nywele na shingo. Nikamsukuma uso kwa viganja viwili, akaachia, nikakimbia mpaka mchangani bila kugeuka nyuma. Mvuvi mmoja wa madema ndiye aliyemtoa. Alitapika maji, akapona. Hakuna aliyewahi kuuliza nani alimsukuma nani. Yeye yupo hapahapa kijijini, tunasalimiana, tunazikana, tunaazimana chumvi. Binti yake ana miaka minane na jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya wasichana watakaofundishwa. Mwalimu wao nitakuwa mimi.

Mume wangu ni fundi wa majokofu Dar, anakuja kila baada ya miezi miwili. Nilipomwambia habari ya kozi kwenye simu alisema, “Kufundisha wasichana, sawa. Lakini huo uokoaji waachie wanaume. Utakwenda kumkumbatia mwanamume gani huko majini?” Hapohapo vocha ikakatika. Hatujalirudia.

Mtihani umebaki wiki tatu. Nimewaza niseme tu mume wangu kakataa. Kila mtu ataamini, na hakuna atakayeuliza zaidi. Lakini darasa la wasichana linataka wanawake wawili, mmoja afundishe na mmoja alinde. Nikijitoa, Shoga anabaki peke yake na darasa halifunguliwi. Nikibaki, iko siku mtoto wa mtu atanikamata shingo.

Shangazi, mtu wa kusukuma wenzake anafaa kukabidhiwa watoto majini?

Mimi,
Mama wa Wawili

JIBU LA SHANGAZI

Waalaykum salaam, mwanangu. Mimi ni mzima, alhamdulillahi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, nikimsomea rafiki yangu wa siku nyingi ambaye alikuwa mwokoaji kwenye bwawa la hoteli kwa miaka mingi kabla hajageuka kuwa mwalimu. Sikumtajia kisiwa wala kijiji. Nilitaka kusikia mtu wa kazi hiyo atasema nini, maana mimi kwenye maji ni wa kulowesha miguu tu. Nilipofika pale ulipompanda Shoga nilinyamaza kidogo nimwangalie uso. Hakushtuka. Aliuliza neno moja: “Boya lilikuwa wapi?”

Nimelichukua swali lake nikakaa nalo, kwa sababu wewe katika barua nzima hukujiuliza hilo. Wewe umejiuliza wewe ni mtu wa namna gani. Yeye aliuliza kifaa kilikuwa wapi.

Hebu nikurudishie ulichoniambia, uone kama nimekuelewa. Unasomea kazi unayoipenda na unayoiweza. Katika zoezi moja mwili wako ulifanya jambo lililokutisha, na jambo hilo likafukua lingine la miaka ishirini na mbili iliyopita. Ukayaunganisha, ukatoa hukumu kwamba wewe umeumbwa hivyo. Sasa unatafuta mlango wa kutokea, na mlango ulio karibu ni neno la mumeo lililokatika na vocha. Umeyafunga yote kwenye kamba moja, mwanangu, na mimi naona huu si mwani wa aina moja. Nivumilie niufungue kidogo kidogo.

Nianze na shingo. Sisi tumekua tukisema mfa maji haachi kutapatapa, na methali hiyo ina hekima yake kwenye mambo ya madeni na siasa. Kwenye maji yenyewe, rafiki yangu anasema, inadanganya. Mtu anayezama kwelikweli mara nyingi hatapatapi na wala hapigi kelele. Kichwa kinarudi nyuma, mdomo unacheza na uso wa maji, mikono inakandamiza maji pembeni kama mtu anayetafuta ngazi. Hawezi kuita kwa sababu kila nafasi ya mdomo anaitumia kuvuta pumzi. Hawezi kupunga mkono. Hali hiyo huchukua chini ya dakika moja, kisha anakwenda chini. Na kitu chochote kikija karibu na mikono yake katika muda huo, kiwe gogo, kiwe mama yake mzazi, atakipanda. Akili imeshatoka, kilichobaki ni mwili unatafuta juu.

Kwa hiyo Shoga alikuwa akiigiza mtu anayezama. Ulipoingia chini na maji puani, wewe ukawa ndiye unayezama, bila kuigiza. Ulichofanya ndicho wanachofanya watu wote walio katika hali ile, wema na waovu, wenye kusali na wasiosali. Sidhani kinaeleza chochote kuhusu tabia yako. Kinaeleza kwamba boya lilikuwa nyuma na ulikuwa na haraka ya sifa. Hilo la sifa umelisema mwenyewe, nami nimekupenda kwa kulisema.

Najua mkufunzi wako amekufundisha haya, lakini ngoja nikukumbushe utaratibu wao kama rafiki yangu alivyonipigia hesabu kwa vidole. Kwanza unamsemesha mtu. Kisha unamfikia kwa mti, kwa kasia, hata kwa kanga, wewe ukiwa umelala chini ufukweni. Haikufika, unamrushia kinachoelea, na lile dumu lako la mafuta ya kupikia ni kifaa halali kabisa. Kuna chombo, unakwenda kwa chombo. Kuogelea mpaka alipo ni la mwisho, na hapo napo ni boya linalomfikia, si shingo yako. Akikudaka juu ya hayo yote, unavuta pumzi unashuka chini pamoja naye. Anayezama anataka juu, wewe ukienda chini atakuachia. Wewe ulipanda. Mwili wote unapiga kelele upande juu, na mafunzo yanakwambia ushuke. Ndiyo maana watu hulirudia zoezi lile mara hamsini, na wewe umelifanya mara moja tu, tena ukaanza kuumwa na tumbo.

Sasa twende kwenye mkondo.

Mtoto wa miaka tisa asiyejua kuogelea hawezi kumbeba mtoto mwenzake kwenye maji yanayokwenda. Ungebaki umeshikwa pale, sijui yule mvuvi wa madema angewakuta wawili wakiwa hai au vipi, hakuna ajuaye. Lakini jambo unaloliona ni dhambi yako kubwa, kujinasua kwenye mikono inayokuzamisha, ndilo somo la zoezi la wiki tatu zilizopita. Tofauti ni kwamba mwokoaji akishajinasua anakaa mbali hatua mbili na kumsukumia mwenzake kitu cha kushika. Mtoto wa miaka tisa hakuwa na kitu, wala hakuna aliyemfundisha.

Sitaki hata hivyo nikuoshe haraka mpaka usijitambue. Umeniandikia pia kwamba ulikimbia bila kugeuka, na kwamba hujawahi kusema. Nimejiuliza, na nakuuliza kwa upole: kinachokuunguza ni kule kusukuma, au ni kule kunyamaza? Maana kama ni kusukuma, mazoezi yanaweza kukusaidia. Kama ni kunyamaza, unaweza kufaulu mtihani kwa alama zote na bado kila utakapomshika mkono yule binti wa miaka minane ukamwona mama yake.

Pengine utataka kumwendea huyo mama. Pengine siyo sasa. Ukimwendea, jiandae kwa mambo ambayo huyajui. Huenda amesahau kabisa, na wewe utakuwa umempelekea mzigo mlangoni asiouagiza. Huenda anakumbuka kila kitu, viganja vyako usoni mwake, na amekaa miaka yote akingoja uanze wewe. Huenda atamtoa mtoto darasani, na atakuwa na haki. Huenda pia atakwambia, “Mimi ndiye niliyekukamata nywele.” Watu wawili hutoka kwenye maji yaleyale na hadithi mbili. Jiulize kwanza unakwenda kwa ajili ya nani, yeye au usingizi wako. Vyote viwili vinaruhusiwa, ila ni vizuri ujue kipi kinatangulia.

Mumeo. Hapa naomba unistahamilie zaidi.

Umesema unawaza kusema kakataa. Mimi nimeyasoma maneno yake, sijaona kukataa. Nimeona ametoa ruhusa nusu, ameuliza swali moja la wivu au la dini au la vyote viwili, kisha vocha ikaisha. Hujui angemaliza vipi. Ukimtangaza kijijini kuwa ndiye aliyekuzuia, utakuwa umemvisha kanzu ambayo hujampima. Atakuja likizo akute mama yake amemnunia, na mama yake, kwa jinsi ulivyomweleza, si mtu wa kununa kimyakimya. Umemfanya mumeo boya, mwanangu. Unamweka mbele yako ili kitu kisikushike.

Lakini swali lake lisidharauliwe, ni swali la mume na ni swali la Muislamu. Mpigie ukiwa na vocha ya kutosha. Mwambie darasa lenyewe ni la wasichana. Mwambie huo utaratibu wa mti, dumu na chombo, aone kwamba kukumbatiana ndiko kunakokimbiwa. Na likifika la mwanamume anakufa maji na hakuna mwingine karibu, mwendeeni sheikh mnayemwamini, mmuulize pamoja kuhusu ile kanuni ya wanazuoni kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Mimi sitoi fatwa hapa. Nasema tu kwamba swali lina wenyewe, na jibu lake lisitoke kwenye kichwa chako peke yako usiku. Yawezekana pia atakataa kweli, kwa sauti iliyo wazi. Hapo utakuwa na jambo lingine la kuzungumza naye, zito, lakini litakuwa la kweli.

Njia ulizonazo naziona hivi, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kumwambia mkufunzi. Sema yote: boya, shingo, goti, mdomo. Uombe lile zoezi ulirudie kwenye maji ya kiunoni, mahali ambapo ukitaka kusimama unasimama, Shoga akushike polepole, mkono mmoja, kisha miwili, kisha uzamishe kichwa kwa hiari yako mwenyewe. Rafiki yangu anasema amewaona wengi wakivuka hivyo, na amewaona wachache wasiovuka. Mwiba wake ni kwamba mkufunzi anaweza kusema usifanye mtihani safari hii, na wale wanaume sita waliokuwa wakikutazama kama mfano wakacheka pembeni. Darasa likachelewa. Utaumia. Na siri yenyewe, kumbuka, tayari ina mtu wa pili anayeijua.

Unaweza kuomba ubaki kuwa mlinzi wa ufukweni kwanza, Shoga afundishe. Usiidharau kazi hiyo. Nimekwambia anayezama hapigi kelele. Kwa hiyo anayeokolewa mara nyingi ameonekana kwanza na mtu aliyekuwa hana shughuli nyingine ila kuangalia na kuhesabu vichwa. Kumi wameingia, kumi wako wapi? Tena, hesabu tena. Ila usijidanganye kwamba mlinzi haingii majini. Siku yenyewe ikifika, wa karibu ndiye anayekwenda. Sasa hilo uliamue na mkufunzi na siyo na mimi.

Unaweza kujitoa kwa jina lako mwenyewe, useme “Sijawa tayari,” bila kumtaja mume wala tumbo. Ni haki yako. Wasichana watangoja, wengine watakuwa wakubwa na kuozwa kabla darasa halijafunguliwa, nawe utaliona hilo kila siku ukipita njiani. Sikutishi, najua umeshaliwaza.

Na unaweza kunyamaza, ufanye mtihani. Hapa ndipo ninapopata wasiwasi zaidi, na wasiwasi wangu ni kwamba utafaulu. Unaogelea vizuri, mkufunzi anakupenda, huenda siku ya mtihani Shoga akakushika kwa huruma. Utapewa cheti chenye tundu ambalo wewe peke yako unalijua, na utashinda kila somo ukichunga tundu badala ya kuchunga watoto.

Iko hofu yako moja ambayo nahisi umeikuza kupita kiasi, ile ya mtoto kukukamata shingo. Darasa la wasichana wa miaka minane halitaanzia kwenye maji mara mbili ya kimo chako. Litaanzia ndani ya mwamba, maji yakiwa kiunoni, madumu yakiwa mikononi. Mtoto akikudaka huko, utafanya kitu ambacho umekifanya tangu uko skuli: utasimama. Umeandika kwa kujidharau kwamba nyinyi wa mwani baharini mnasimama tu, na maji yakifika kifuani mnaondoka. Mimi nilipolisoma hilo nilimwona mwokoaji. Mtu anayejua bila saa kwamba maji yamegeuka, anayejua bamvua na maji mafu, anayejua mkondo unapitia wapi, na ambaye haoni aibu kutoka mapema, huyo ana nusu ya elimu ambayo kijana aliyesomea kwenye bwawa la hoteli hana. Rafiki yangu aliitikia kwa kichwa. Yeye bahari anaiogopa mpaka leo.

Tena hauko peke yako kama unavyojiona. Kaskazini kwenu, Nungwi, wasichana wamefundishwa kuogelea na wanawake wenzao, wamevaa nguo za stara kama zile za mavyaa wako, wengine wakielea na madumu ya njano. Picha zao zilitambuliwa kwenye tuzo za World Press Photo za mwaka 2018. Shirika la Afya Duniani nalo linahimiza watoto wa skuli, kuanzia wenye zaidi ya miaka sita, wafundishwe kuogelea na pia wafundishwe namna ya kuokoa bila kujiangamiza. Nakutajia hilo la pili kwa sababu lako. Hata watoto hawaambiwi wajitupe. Wanafundishwa kusukuma kitu kielee kiende kwa mwenzao, wao wakae pembeni.

Uliniuliza kama mtu wa kusukuma wenzake anafaa kukabidhiwa watoto. Sina jibu la kukukabidhi, na nadhani swali lenyewe bado linajitengeneza. Rafiki yangu alipokuwa anaondoka aliniambia kwamba yeye mwaka wake wa kwanza alishikwa shingo na kijana wa kidato cha nne, akamng’ata mkono. Alimwambia nani? Hakumwambia mtu, mpaka juzi aliponisikia nasoma barua yako.

Wiki tatu si nyingi, lakini zina bamvua moja au mawili ndani yake, na Shoga yuko jirani. Mwambie akushike tena, kwenye maji ya kiunoni, na safari hii boya liwe mbele. Hata kama mtihani hutaufanya. Halafu niandikie, hata kwa simu ya wifi. Nataka pia kujua mdomo wake umeshapona, na kama ulimwomba radhi, au nyote wawili bado mnaucheka huo mnazi.

Shangazi yako